Maradhi ya Mawe

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii umeisikia tangu utotoni, msomaji wangu, na bila shaka umeiandika mara nyingi katika insha zako kwa maana ya fumbo: habari za kijana aliyedharau kosa dogo hata likawa kubwa, au za ndugu waliopuuza ugomvi mdogo hata ukavunja nyumba yao. Leo nakuomba tuichukue methali hii kwa maana yake ya wazi. Tuutazame ufa wenyewe katika ukuta wenyewe, tuulize umetoka wapi na nani aliyeupasua, na kwa nini ukuta wa mawe huanguka hali mkono wa adui haukuugusa.

Watu wengi hudhani kwamba jiwe halifi. Tunaposema kwamba mtu ana moyo wa jiwe, twakusudia kuwa hapana kitu kiwezacho kuupenya. Lakini mtu aliyekaa mwambao wa Afrika ya Mashariki ajua vingine. Toka Pate na Lamu upande wa kaskazini mpaka Kilwa upande wa kusini, pwani yetu imejaa mahame: miji iliyoachwa, misikiti isiyo na paa, na makaburi ambayo nguzo zake zimeinama au zimelala chini. Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamebaki matupu, akatunga utenzi wake mashuhuri uitwao Al-Inkishafi, ili kuionya nafsi yake juu ya dunia ipitayo. Yeye aliwawaza watu waliokuwa wakikaa humo. Sisi katika insha hii tutaziwaza kuta walizoziacha.

Tuuchague mji mmoja uwe mfano wetu, nao uwe Gedi. Magofu ya Gedi yako kusini ya Malindi, ndani ya msitu, kilomita chache kutoka baharini. Watu walikaa pale kwa karne nyingi, na katika karne ya 15 mji ulikuwa umesitawi sana. Ulikuwa na msikiti mkubwa wa Ijumaa, jumba la mfalme, visima vilivyochimbwa katika mwamba, nyumba za mawe zenye vyoo na ghala, na kuta zilizouzunguka. Wachimbuaji walipata katika udongo wake vyombo vya kauri kutoka Uchina na shanga za kioo, dalili ya kwamba wenyeji walifanya biashara na nchi za ng'ambo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umekwisha achwa, na msitu ukaufunika. Mwaka 1884 Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Unguja, aliyazuru magofu hayo. Mwaka 1927 serikali iliyatangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na tangu 1948 hata 1958 mtaalamu James Kirkman aliyachimbua. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo lililonifanya niichague Gedi kuliko miji mingine. Kilwa ina tarikhi yake iliyoandikwa, na Pate nayo ina tarikhi yake. Mombasa na Malindi zimetajwa mara nyingi katika barua na vitabu vya Wareno. Gedi haina tarikhi. Wareno walikaa Malindi miaka mingi ya karne ya 16, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, wala hawakuacha habari zake kwa jina hilo. Hatuna orodha ya wafalme wake, wala utenzi wa washairi wake, wala barua ya mfanya biashara wake hata mmoja. Kitabu cha Gedi ni kuta zake. Juu ya kaburi moja umechorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399, na mwaka huo mmoja umewasaidia wataalamu kupima umri wa mambo mengine mengi katika mji. Basi ukuta wa Gedi unapomomonyoka, usidhani kwamba jiwe tu limeanguka. Ni ukurasa uliochanika katika kitabu ambacho hakina nakala ya pili.

Ili tuelewe namna jengo linavyougua, yafaa kwanza tujue lilivyozaliwa. Waashi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kazi ya viumbe hai. Ndani ya bahari yenye joto wamo wanyama wadogo sana, laini kama uteute, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha jiwe kwa madini anayoyatoa majini. Akifa huacha kikombe chake, na mwingine hujenga juu yake, hata baada ya maelfu ya miaka hutokea mwamba mzima. Mwamba wa namna hii ukiinuka juu ya bahari, au bahari ikishuka, huwa nchi kavu. Mji wa Mombasa umesimama juu ya mwamba kama huo, na nchi ya Gedi kadhalika.

Waashi walitumia matumbawe ya aina mbili. Aina ya kwanza ilikatwa nchi kavu: jiwe kongwe, gumu, lenye matundu mengi, lililofaa kwa kujazia kuta nene. Aina ya pili ilitolewa baharini ikiwa bado mbichi. Jiwe hili la baharini huwa laini likiwa na maji, hata huweza kukatwa na kuchongwa nakshi kwa shoka na patasi, kisha hukauka likawa gumu. Kwa jiwe hilo walitengeneza mihrabu, vizingiti vya milango, na vile vidaka vidogo vya ukutani ambavyo wanawake waliweka vyombo vyao vya thamani. Fundi mwenye busara hakulitumia mara moja. Aliliacha mvuani kwa muda mrefu ili maji matamu yaondoe chumvi ya bahari iliyokuwa ndani yake. Litunze neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, na chokaa nayo ilitoka katika matumbawe. Vipande vya mawe vilipangwa juu ya rundo kubwa la kuni, wakatia moto mkali. Jiwe la matumbawe limefanywa hasa kwa kaboneti ya kalisi. Likipata moto wa kutosha hutoa hewa ya kaboni, ikabaki chokaa kavu yenye ukali. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji huchemka na kutoa mvuke, kisha hulainika ikawa kama uji mzito. Waashi waliilaza kwa muda mrefu, wakaichanganya na mchanga, wakajengea. Na hapo ndipo penye ajabu. Chokaa ikiwa ukutani huanza kuvuta tena kutoka hewani ile hewa ya kaboni iliyoitoa motoni, ikawa jiwe kama ilivyokuwa mwanzo. Ukuta uliojengwa hivyo ni jiwe lililoshikwa na jiwe la asili moja, nalo hupumua: unyevu ukiingia, huweza kutoka.

Juu ya kuta hizo ziliwekwa boriti za mikoko, na juu ya boriti zikapangwa mawe na chokaa iliyotwangwa kwa siku nyingi hata ikashikamana kuwa sakafu. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu sana, vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita 3 mara nyingi. Mwisho wa yote kuta zilipigwa lipu ya chokaa, laini na nyeupe, na lipu hiyo ndiyo ngozi ya jengo.

Nimeiita ngozi kwa makusudi, kwa sababu maradhi ya mawe huanza pale ngozi inapojeruhiwa.

Ugonjwa wa kwanza ni mvua. Tone la mvua linaposhuka huchukua hewa ya kaboni njiani, likawa na ukali kidogo sana, mdogo hata ulimi wako hauwezi kuutambua. Lakini kwa matumbawe na kwa chokaa ukali huo watosha. Ukitaka kuona kwa macho yako, okota kipande cha tumbawe ufukweni, wala usikitwae katika gofu, ukidondoshee siki. Utaona mapovu madogo yakipanda. Hiyo ni hewa ya kaboni inayotoka, na jiwe linayeyuka mbele yako. Siki ni kali mara nyingi kuliko mvua, lakini mvua ina jambo ambalo siki haina, nalo ni wakati. Bandu bandu huisha gogo. Mapango yaliyomo katika miamba ya pwani yetu yalichimbwa na maji kwa njia hiyo hiyo, na maji yaliyotoboa mapango hayashindwi na ukuta.

Ugonjwa wa pili ni chumvi. Twaa donge la sukari, ulichovye pembe moja katika chai, utaona rangi ya chai ikipanda mpaka juu, ijapokuwa hukulizamisha. Ukuta wenye matundu madogo madogo hunywa maji ya ardhini namna hiyo hiyo, mpaka kiasi cha goti au kiuno. Maji hayo yana chumvi. Upepo wa bahari nao huleta chumvi yake, na jiwe lililojengwa kabla ya kuoshwa na mvua huja nayo ndani. Jua likipiga, maji hutoka kwa mvuke, lakini chumvi haiwezi kuruka. Hubaki ndani ya vitundu, ikajikusanya kuwa chembe ngumu, na chembe zikikua huyasukuma mawe kwa nguvu. Unyevu ukirudi chumvi huyeyuka, na jua likirudi hukua tena. Fikiri habari za mchezo huo kwa miaka 400. Ukiona chini ya ukuta wa zamani unga mweupe, na juu ya unga huo jiwe lililoliwa kama mkate uliotafunwa na panya, basi umeiona kazi ya chumvi.

Ugonjwa wa tatu umeletwa na viumbe hai, nao huja kwa zamu kama wageni wanaokaribishana. Wa kwanza ni wadogo hata huwezi kuwaona mmoja mmoja: bakteria na mwani. Wao hupaka kuta ile rangi nyeusi au ya kijani unayoiona mahali maji ya mvua yanapoteremkia. Baada yao huja kuvumwani, viraka vikavu vya rangi ya kijivu, vyeupe au vya manjano vilivyoshikamana na jiwe kama upele. Kiumbe hiki ni viwili kwa kweli: kuvu aishiye pamoja na mwani, mmoja akitoa makao na mwingine akitoa chakula. Nyuzi zake huingia katika vitundu vya jiwe, zikitoa asidi zinazolilainisha. Kisha hufuata mimea midogo ya kijani, laini kama sufu, ambayo hukamata vumbi na kutunza unyevu. Vumbi likizidi huwa udongo, na udongo ukiwapo majani huota.

Sasa mlango umekwisha funguliwa, na mwenye nguvu aingia. Ndege, popo na kima hula tini msituni, kisha huacha mbegu zake juu ya kuta. Mtini wa aina hii haudai shamba. Watosheka na ufa mmoja wenye vumbi kidogo na umande. Mzizi wake huanza mwembamba kama uzi, ukifuata chokaa katikati ya mawe ili kutafuta maji, mpaka uifikie ardhi. Ukisha kuifikia, hunenepa. Mzizi ulioingia kama uzi huwa kama kamba, kisha huwa kama mkono wa mtu, na mwisho huwa kama mwili wake, na kila unavyonenepa huyatenga mawe yaliyokuwa yamekumbatiana. Katika Gedi utaona miti mikubwa iliyokaa juu ya kuta kama mtu aliyempanda farasi, mizizi yake ikiteremka pande mbili.

Hapo wanafunzi wangu huuliza swali moja daima: kwa nini wasikate miti yote, wakafyeka na msitu? Nami nilikuwa na fikira hiyo hiyo zamani. Nilipokuwa nasoma chuo cha ualimu, tulikwenda kuzuru gofu moja la msikiti huko pwani. Niliona mtini mchanga umeota katika ufa kando ya mlango, urefu wake haupiti mkono wangu. Nikajiona mzalendo, nikaushika kwa mikono miwili, nikauvuta. Mti ulitoka, na pamoja nao likatoka pande zima la lipu, kubwa kama sinia, likavunjika miguuni pangu. Juu ya lipu hiyo palikuwa na mistari ya nakshi niliyokuwa nimeitazama muda mfupi uliopita. Mlinzi wa mahali pale, mzee wa makamo, alikuja akasimama karibu nami. Nilingoja anikemee.

"Mwanangu," akasema, "mti huu haung'olewi. Hukatwa chini, kisiki kikatiwa dawa, mizizi ikaachwa ife mahali pake. Ikisha kufa, pengo hujazwa chokaa. Ukivuta, wavuta na ukuta."

Nikamwambia, "Nisamehe, mzee. Nilidhani nasaidia."

"Najua," akajibu, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia kama mtu apangaye mayai.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba nia njema bila elimu yaweza kuangusha kile ambacho maadui walishindwa kukiangusha. Mti ulioupasua ukuta huwa wakati mwingine ndio unaoushika usianguke. Ukiufyeka kwa ghafula, mizizi huoza ndani, yakabaki matundu matupu, na mvua za mwaka unaofuata humaliza kazi. Kivuli cha msitu nacho kina mambo mawili: hutunza unyevu upendwao na mimea ya ukutani, lakini huzuia jua kali na nguvu ya matone. Hata kuchimbua kwenyewe kuna hatari yake. Ukuta uliofukiwa umepatana na udongo uliouzunguka. Ukifukuliwa, hukutana siku hiyo hiyo na mvua, jua na mbegu ambazo haukuwa umezijua kwa karne kadha. Kwa hiyo mchimbuaji mwaminifu huandaa chokaa yake kabla ya kuinua jembe.

Kosa la nia njema lililo kubwa kuliko langu ni lile la saruji. Mwaka 1824 Mwingereza aitwaye Joseph Aspdin alipata hati ya serikali ya kumiliki utengenezaji wa saruji aliyoiita ya Portland. Dunia nzima ikaipenda, na kwa haki, maana hushika upesi na huwa ngumu sana. Katika karne ya 20 mafundi wa nchi nyingi walianza kuziba nyufa za majengo ya kale kwa saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho kilicho bora. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua, na saruji haipumui vizuri. Unyevu ulionaswa nyuma ya lipu ya saruji hutafuta njia nyingine, nayo ni lile jiwe laini la pembeni. Saruji huja pia na chumvi zake. Baada ya miaka michache kiraka cha saruji huwa kimesimama imara peke yake, na mawe yaliyokizunguka yamekuwa unga. Ni kama kitambaa kipya kigumu kilichoshonewa kanzu iliyochakaa: kitambaa kitabaki, na kanzu itararuka. Ndiyo sababu watunzaji wa majengo ya kale wameirudia chokaa, ile ile ya wazee.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya mahame, na miji ikaliwayo haina haja nayo. Basi tutoke msituni, twende kwanza Mombasa. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliani Giovanni Battista Cairati. Ngome ile ilizingirwa na Waarabu wa Omani tangu 1696 hata 1698, ikapigwa mizinga mara nyingi katika maisha yake, ikawa gereza tangu 1895 hata 1958, na tangu 1960 ni jumba la makumbusho. Kuta zake zingali zimesimama. Humo zimehifadhiwa picha za merikebu na za watu zilizochorwa na askari wa Kireno juu ya lipu. Watu wale walichora kwa uchovu wa zamu, bila kujua kwamba wanatuandikia sisi. Lakini upande wa bahari mawimbi yalikuwa yakila mwamba ambao ngome imeukalia, taratibu, usiku na mchana, hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuyavunja. Adui aliyekuja na bendera alionekana kutoka mbali, na zamu ikalia. Huyu wa pili hakuwa na bendera.

Mfano wa mwisho uko Unguja, nao ni wa huzuni. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma na baraza pana zinazotazama bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani. Jumba la jirani liliharibika vibaya, lakini Beit al-Ajaib ilibaki imesimama. Ikasimama zaidi ya miaka 120 mingine, ikawa ofisi za serikali, kisha jumba la makumbusho. Lakini paa lilivuja. Maji yalipenya katika kuta za matumbawe, na chuma kilichomo ndani kikashika kutu. Nawe jua kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua kila kilichoizunguka. Sehemu za jumba zilianza kuanguka moja moja. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yamekwisha anza, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka. Watu wawili walikufa.

Mizinga haikuliangusha jumba lile. Lilidhoofishwa na matone, na matone yalipata nafasi kwa sababu ziba la leo liliahirishwa mpaka kesho, na la kesho mpaka mwaka ujao.

Ukiitazama mifano hii yote mitatu utaona kwamba jengo halifi kwa uzee. Msikiti wa kale ambao waumini wake hawakuuacha, wakaupaka chokaa kila mwaka, wakazibua mifereji ya paa, wakang'oa kila mche ungali na majani mawili, huweza kusimama leo na kesho. Na nyumba iliyojengwa juzi ikiachwa bila mtu huanza kufa mwaka wa kwanza. Kwanza paa huvuja, kisha ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, kisha paa huanguka ndani, na sasa mvua yaanguka juu ya vichwa vya kuta ambavyo havikujengwa kunyeshewa. Yanayofuata umekwisha yasoma. Chokaa ya kila mwaka ambayo mama na baba zetu wa pwani waliipaka kabla ya sikukuu haikuwa pambo peke yake. Ilikuwa dawa: iliziba vijitundu, iliwaua wale viumbe wadogo wa kwanza, na ilimlazimisha mwenye nyumba auone ukuta wake wote, pembe kwa pembe, walau mara moja katika mwaka.

Wakoloni wengi waliandika zamani kwamba Mwafrika hakujenga kitu cha kudumu, na kwamba miji hii ya mawe ilikuwa kazi ya wageni tu. Wachimbuaji wa baadaye wameonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutoka katika vijiji vya wenyeji wenyewe, nyumba za udongo zikitangulia, na za mawe zikifuata mahali pale pale. Ushahidi wa hoja hiyo umo katika matabaka ya udongo na katika misingi ya kuta. Tukiuacha ushahidi huo uliwe na chumvi na mizizi, kesho mtu mwingine ataandika uwongo ule ule, nasi hatutakuwa na jiwe la kumjibu.

Kwa hiyo siku utakapozuru Gedi, au Takwa, au Jumba la Mtwana, nenda kwa adabu ya mtu aingiaye chumba cha mgonjwa. Usipande juu ya kuta. Usichore jina lako juu ya lipu, maana jina lako halitaongeza neno katika kitabu kile, bali litafuta neno lililokuwapo. Ukiona mche umeota katika ufa, kumbuka yaliyonipata, ukamwite mlinzi. Na ukirudi nyumbani, chukua ngazi utazame mfereji wa paa lenu. Ukiona majani yameuziba, yaondoe siku hiyo hiyo. Ukiona ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, mwonyeshe mzee wako kabla ya mvua za masika.